Abiria Hula, Dereva Ndiye Mgeni

Msomaji mpenzi, ukitaka kujua mtu ana thamani gani mbele ya wenziwe, usimtazame akiwa barazani kwake, kanzu imepigwa pasi na vijana wamwamkia. Mtazame akiwa safarini, njaa imemshika, na sahani iko mkononi mwa mtu asiyemjua wala hatarajii kumwona tena. Sisi watu wa Pwani, ambao tangu zama za babu zetu njia ya kwenda bara yapita Ukambani, twapimwa hivyo kila mara katika hoteli za kando ya barabara. Na nisemapo hoteli, nasema kwa maana yetu ya kila siku: nyumba ya kulia, ambayo kitanda huenda kisiwemo.

Gari hutoka Mombasa likapita Mariakani, Maungu, Voi na Manyani, kisha likaingia Makueni kwa mlango wa Mtito Andei, karibu nusu ya zile kilomita 480 hivi za kwenda Nairobi. Jina hilo wenyeji hulifasiri kuwa ni msitu wa tumbusi. Sina haja ya kuwakejeli watu wa Mtito, maana ni waungwana kama wengine, lakini abiria aliyekwisha kushuka pale saa saba ya mchana, akazungukwa na wachuuzi, vijana wa hoteli na watoza fedha za choo, hawezi kulisikia jina hilo asitabasamu. Wala si Mtito peke yake. Kutoka hapo, ukapita Kibwezi, Makindu na Emali hadi Sultan Hamud, mambo ni yale yale.

Malalamiko haya si mapya. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na hata ilipokwisha kufika ziwani mwaka 1901, treni za miaka ile hazikuwa na behewa la kulia. Zilisimama Voi, zikasimama Makindu, abiria wakubwa wakashuka kula katika mabanda ya wasafiri yaliyojengwa karibu na stesheni. Wazungu waliopita wakati huo wameandika katika vitabu vyao vya safari jinsi nyama ilivyokuwa ngumu na supu ilivyokuwa maji matupu. Wale wa daraja la tatu, yaani babu zako na babu zangu, sikwambii. Wao walinunua ndizi na muhogo dirishani. Baadaye likaja behewa la kulia, na waliowahi kusafiri kwa gari la moshi la usiku katika miaka ya sabini na themanini watakumbuka yule mtumishi wa mavazi meupe akipita ujiani na kijighuna chake cha kugonga, ting ting ting, kuwaita watu mezani. Vijiko vilikuwa vizito, maji yalimiminwa kwenye bilauri, na mtu akiulizwa anataka nini alingojwa ajibu. Treni ile ilikoma mwaka 2017, ilipokuja reli mpya.

Nataja hayo ili tuelewane mapema. Aliyemlisha vibaya yule Mzungu wa Makindu mwanzo wa karne iliyopita hakuwa na sababu ya kumlisha vizuri. Treni imesimama, njaa ipo, banda ni moja, na filimbi ya gadi italia sasa hivi. Aende wapi?

Sasa nieleze la juzi. Mwezi wa Rajabu uliopita nilikuwa naenda Kitui kuhudhuria nikahi. Siku hizi safari hiyo imekuwa nyepesi: mtu hupanda basi la Nairobi, akashuka Kibwezi, kisha akashika barabara ya lami inayopita Ikutha na Mutomo hadi Kitui mjini, bila kuzunguka kwa Machakos. Kitini karibu yangu alikaa bi mkubwa mmoja wa Mji wa Kale, amejifunika buibui lake, na mkobani ana dawa za sukari. Alikuwa akienda Nairobi kwa mjukuu wake. Gari lilipokaribia kusimama alimeza vidonge vyake kwa funda la maji, kama alivyoagizwa na daktari, kwa kuwa alijua chakula ki karibu. Mwenye maradhi hayo, au mwenye kuuguza mtu wa namna hiyo, anajua kwamba vidonge vile vikishaingia tumboni havina subira.

Tukasimama. Utingo akapaza sauti: "Dakika ishirini!" Mji sitautaja, na hoteli yenyewe sitaitaja.

Ndani palikuwa na watu wa magari manne au matano. Desturi ya pale ni kulipa kwanza, ukapewa kijikaratasi, ukasimama foleni dirishani. Bi mkubwa alipofika mbele akamuuliza kijana wa kupakua, kwa sauti ya upole:

"Mwanangu, nyama hii imechinjwa na Muislamu?"

Kijana hakuinua uso. "Nyama ni nyama, mama. Unachukua ama unaacha? Kuna watu nyuma yako."

"Basi nipe wali na maharagwe. Na chai isiyo sukari, mwanangu, mimi mgonjwa."

"Chai imepikwa na sukari. Ingine hakuna."

Angalia msomaji, lile swali la kuchinja. Katika Kenya hii machinjio mengi, hata ya miji isiyo na Waislamu wengi, huweka wachinjaji Waislamu kusudi nyama iuzike kwa wote. Yumkini nyama ile ilikuwa halali kuliko ilivyo sauti yangu ninaposoma adhana. Jibu lilikuwa neno moja: ndiyo, au la, au hata "ngoja nikuulizie". Lakini kuulizwa kwenyewe kulionekana kuwa ni usumbufu.

Tukapata meza iliyojaa mifupa ya waliotutangulia. Kijana mwingine akaja na kitambaa cheusi, akaisukuma mifupa ile ikaanguka sakafuni, mingine juu ya buibui la yule bibi. Hakusema samahani. Tulingoja. Wali ulikuja dakika ya kumi na saba, na bi mkubwa alikuwa hajatia tonge la tatu kinywani honi ya basi ilipolia. Nikaenda dirishani kuomba chombo cha kuchukulia chakula; nikaambiwa hakuna. Nikaomba nirudishiwe baki ya fedha zangu. Nikaambiwa mwenye chenji ametoka.

Nilipogeuka ndipo nikaona lililoniacha mdomo wazi. Pembeni palikuwa na pazia, nalo lilikuwa limefunuka. Nyuma ya pazia alikaa dereva wetu na utingo wake, mezani pana kitambaa safi, kuku wa mchuzi, chapati zilizofunikwa zisipoe, ndimu imekatwa vipande. Na aliyewamiminia maji ya kunawa, akiinama, uso umemkunjuka, ni yule yule kijana wa "unachukua ama unaacha". Yale meno sikujua kuwa anayo.

Hatukwenda mbali. Kabla ya kufika Kibwezi yule bibi alianza kutoka jasho, mikono ikamtetema kama mtu wa homa, maneno yakawa mazito. Mwanafunzi mmoja nyuma yetu, Mwenyezi Mungu ambariki, alitambua mara moja, akatoa soda yake. Mimi nilikuwa na tende mfukoni. Tukamnywesha, tukamlisha, tukangoja. Baada ya robo saa rangi ikamrudi. Alhamdulillahi. Alipoweza kusema alinambia, "Mwanangu, mimi sikutaka ufalme. Nalitaka kijana anijibu."

Nikashuka Kibwezi na maneno hayo kichwani.

Sasa wako kwetu watakaosema, na nimewasikia barazani wakisema: hao ndio watu wa bara, hawakufunzwa adabu ya mgeni. Ni usemi mwepesi, na ni usemi wa uongo. Mwaka 1849 yule mmishonari Krapf alipotoka Rabai kwenda Kitui, aliyempokea ni Kivoi, mkuu wa misafara ya Wakamba, ambaye miaka mingi alileta pembe za ndovu hadi Pwani na kujuana na wafanya biashara wetu. Mtu asiyejua wageni hawezi kuongoza msafara wa mamia ya watu kutoka Kitui mpaka mwambao na kurudi. Na ule mji wa Sultan Hamud, mpakani mwa Makueni, unachukua jina la Seyyid Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Unguja tangu 1896 hadi 1902, na ambaye alikwenda kuitazama reli ilipokuwa inajengwa pale. Mgeni wa siku moja, nchi ikabaki na jina lake.

Basi nikafika Kitui, nikaenda kula karibu na soko la Kalundu. Kibanda chenyewe ni mabati na mabenchi mawili. Mwenyewe, mama wa makamo, alinitazama kofia kabla ya kunitazama uso, akanambia bila ya kuulizwa:

"Karibu mzee. Leo nyama usichukue, sijanunua kwa mchinjaji wenu. Lakini ndengu iko, nimepika kwa sufuria yake, haijaguswa na mwiko wa nyama. Na muthokoi iko."

Ndengu ndiyo choroko yetu, na Kitui ni nyumbani kwake. Muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa maganda, yakapikwa na kunde au maharagwe mpaka yakawa laini kabisa. Akaniletea maji ya moto na beseni, akanimiminia mwenyewe. Alipoona nimemaliza chapati hakuniuliza kama nataka nyingine, aliweka nyingine. Nikamwambia neno moja la Kikamba ninalolijua, "Ni muvea," yaani ahsante, akacheka mpaka wenzake wakageuka. Bei ilikuwa chini ya nusu ya ile niliyolipa njiani.

Nilimuuliza kwa nini alinambia habari ya nyama ilhali angeweza kunyamaza akauza. Akashangaa. "Mzee, si utarudi?"

Katika chuo nilichosomea Kurani, mwalimu wetu alipotufikisha katika kisa cha wageni wa Nabii Ibrahimu, aleihi ssalaam, alikuwa akisimama hapo siku nzima. Alitutaka tuhesabu adabu zilizomo. Hakuwauliza kama wana njaa, maana mgeni mwenye haya atasema hana. Alitoka polepole wasijue anakwenda wapi, wasije wakamzuia. Hakuleta makombo, alileta ndama aliyenona. Na chakula alikipeleka walipokaa, akakisogeza karibu yao. Hakuwaita wao wakifuate. Mwalimu alikuwa akigonga ubao kwa kidole: "Alikisogeza! Mmesikia? Alikisogeza!" Sisi watoto tulikuwa tukicheka, hatukuona ajabu iko wapi. Yule mama wa Kalundu hakupata kusoma chuo chetu, lakini ile chapati ya pili aliisogeza.

Kwa hivyo nilipokuwa narudi nilishuka makusudi katika mji ule wa balaa. Nikangoja mpaka zamu ya mchana ikaisha, nikamtafuta yule kijana. Nilimkuta chini ya mti, viatu amevua, miguu imemvimba. Hakunikumbuka, na angenikumbukaje? Nikajitambulisha, nikamnunulia maji, nikamweleza habari ya bi mkubwa. Alinyamaza kitambo. Kisha akanieleza jinsi biashara ile inavyokwenda, na baadaye dereva mmoja mstaafu wa Mombasa aliniyakinishia neno kwa neno.

Ni hivi. Dereva na utingo wake hula bure. Si kula tu; hoteli nyingine huongeza kitu kidogo mfukoni kwa kila gari linaloletwa. Dereva akiridhika, basi hilo na watu wake hamsini watasimama hapo kesho, na kesho kutwa. Akiudhika, akakuta kuku amepoa au akapitwa na salamu, kesho atasimama kwa jirani. Abiria hana kauli. Hakuchagua mahali, hajui bei mpaka afike dirishani, na akiudhika atafanya nini? Yeye mwenyewe hapiti njia hiyo ila mara moja kwa miezi.

"Mzee," alisema yule kijana, "mimi nikichekea abiria napata nini? Nikikosea dereva, nafutwa jioni."

Na yeye naye ana yake. Analipwa kwa siku, asipokuja hana kitu. Sahani ikivunjika hukatwa. Abiria akiondoka bila kulipa hukatwa, na ndiyo sababu ya kile kijikaratasi cha kulipa kwanza. Magari sita yakiingia pamoja, hao ni watu mia tatu, wote wana njaa, wote wana dakika ishirini, na wapakuaji ni watatu. Kila mmoja akiuliza swali moja tu la kistaarabu, nusu yao watapanda gari hawajala. Niliposikia hayo, ile hasira niliyokuwa nayo juu yake ilipoa, ingawa haikwisha. Mifupa juu ya buibui haikuletwa na haraka.

Tena mambo yamezidi kubana tangu abiria wengi walipohamia treni ya reli mpya, iliyoanza kuwachukua mwaka 2017. Hoteli nyingine za barabarani zimefungwa milango. Zilizobaki zawashikilia madereva kama mtu wa baharini ashikavyo ubao wa jahazi lililovunjika.

Wasomi watanambia tunayo sheria. Ni kweli tunayo. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya huduma yenye ubora unaostahili na haki ya kuelezwa kile anachokinunua; na ikafuatiwa na Sheria ya Kumlinda Mnunuzi ya mwaka 2012. Swali la bi mkubwa kuhusu nyama, kwa hiyo, si usumbufu, ni katiba. Lakini ni nani atakayeipeleka sahani ya maharagwe mahakamani Makueni ilhali basi lapiga honi? Ujuzi nao upo. Chuo cha Utalii kule Nairobi kilifunguliwa mwaka 1975, na vijana wetu waliotoka humo huhudumia wageni kwa namna ambayo mgeni huyo huenda akasimulia kwao Ulaya. Ila vijana hao huwaoni kando ya barabara ya Mombasa. Wako kwenye mahoteli ya watalii, ambayo mlangoni mwake askari humkaribisha mgeni mwekundu kwa saluti, na mimi mwenye kofia huniuliza nimekuja kumwona nani. Hilo si la Ukambani, hilo ni la pwani yetu wenyewe, kwa hivyo tusijipake mafuta.

Hapo ningetua kalamu, lau nisingepita Makindu.

Makindu iko karibu kilomita 170 kutoka Nairobi, kando ya barabara hiyo hiyo na reli hiyo hiyo. Pale kuna hekalu la Masingasinga, Gurdwara, lililojengwa mwaka 1926. Wakati wa kujengwa reli waliletwa vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, Waislamu wa Panjabi, Masingasinga na Mabaniani, na wapatao 2,500 walikufa kwa maradhi, ajali na simba. Makindu palikuwa kituo kikubwa cha kazi hiyo. Masingasinga waliobakia wakajenga hekalu, na pale hekaluni pana jiko ambalo humlisha kila mpita njia, awe wa dini yoyote, bila ya kulipa chochote. Mwenye kutaka kulala hupewa pa kulala.

Niliingia. Mlangoni huvuliwa viatu, kama kwetu, na kichwa hufunikwa. Wengine walipewa vitambaa, mimi kofia yangu ilinitosha. Chakula hakina nyama kabisa, kwa hivyo swali la bi mkubwa halina mahali pa kukaa: dengu, mboga, wali, mkate wa kusukuma, chai. Mimi si mufti, na aliye na shaka na halua inayogawiwa hekaluni huipisha kwa adabu, wala hakuna amlazimishaye. Sisi tulielekezwa mahali pa kulia, tukaketi safu moja. Karibu yangu palikuwa na dereva wa lori, mbele yetu familia ya Kihindi ya Nairobi yenye gari la thamani, na pembeni wanawake wawili wa Kikamba na watoto wao. Mzee mwenye kilemba alipita na ndoo ya dengu, akaniuliza, "Bado?" Nikasema imetosha. Akapita tena, akauliza tena.

Wao wenyewe hueleza kwamba mtindo huo waliachiwa na Guru Nanak, aliyefariki mwaka 1539, na masimulizi yao husema kwamba hata Akbar, mfalme mkuu wa Kiislamu wa Dola ya Mughal, alipotaka kuonana na mmoja wa viongozi wao ilimbidi kwanza akae chini na kula safu moja na masikini. Hakuna pazia.

Nikiwa nimekaa pale nilijiuliza ni kitu gani hasa kinachotofautisha. Si fedha, maana pale hapana fedha. Si kabila, kwa kuwa wengi wa wapishi na wasafishaji niliowaona walizungumza Kikamba, na huenda wana ndugu wanaopakua wali katika hoteli za jirani. Lakini Makindu hakuna anayepewa kuku ili akulete. Kalundu vile vile. Yule mama hamjui dereva yeyote. Mimi mwenyewe ndiye niliyechagua kuingia, na ni mimi mwenyewe niwezaye kutorudi.

Ndipo nikakumbuka neno ambalo sisi wa Pwani hatupendi kulisema. Mabasi haya hayakatishwi tikiti Makueni. Mengi hukatiwa pale Mwembe Tayari, na wenyewe si wachache walio watu wetu, waswalio safu moja nasi Ijumaa, na ambao harusini mwao mgeni hunawishwa kwa birika la shaba. Kama kuna mtu awezaye kumwambia dereva, "Simama pale, usisimame hapa," ni tajiri wa basi. Kama kuna awezaye kumwambia mwenye hoteli, "Watu wangu ni hamsini kila siku, nataka pawe na maji msalani, na kopo, na mahali pa kuswali, na chai isiyo sukari, na anayeuliza ajibiwe," ni yeye pia. Asemapo yeye, itasikilizwa siku hiyo hiyo, kwa sababu ile ile inayomfanya dereva apewe ndimu. Wako wanaofanya hivyo, na abiria wao wanawajua. Wengine wameliacha jambo hilo mikononi mwa utingo.

Niliporudi Mombasa nikaenda katika ofisi moja ya tikiti, nikamuuliza karani, kijana mstaarabu wa kwetu, ni nani huamua basi lao lisimame wapi kwa chakula.

"Hilo ni la dereva, ami," akanijibu.

Nikamuuliza kama abiria akiwa na malalamiko juu ya mahali hapo humletea nani. Akafikiri kidogo, akacheka, akanionyesha tikiti. "Sisi twauza safari tu. Chakula hakimo."

Nikaitwaa ile tikiti nikaisoma mbele na nyuma. Pana saa ya kuondoka, pana nambari ya kiti, pana onyo kwamba kampuni haichukui dhamana ya mizigo. Nikamwomba kalamu, nikamwachia katika karatasi jina la mji, jina la hoteli, na tarehe, na habari ya bi mkubwa na vidonge vyake, nikamtaka ampe tajiri. Aliikunja vizuri, akaitia chini ya mashine ya kuhesabia fedha.